Nzi Aliyenyooshwa Mabawa

Nzi wa kwanza niliyemtazama kikazi alifika ofisini Bariadi ndani ya kiberiti, amelazwa juu ya pamba kama mgonjwa. Aliyemleta alikuwa ametembea naye tangu alfajiri. Alipofungua kiberiti kwa uangalifu mkubwa, tulikuta mabawa mawili na sisimizi wanne walioshiba. Mzee Gamaya, ambaye ndiye aliyekuja kuwa mwalimu wangu wa kazi, alichungulia akasema, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "andika: sisimizi." Nikaandika. Nilikuwa na siku moja kazini, na sikujua bado kwamba mzee yule alitania bila kucheka.

Nawaandikia ninyi mnaoingia idarani sasa, wenye simu zinazopiga picha ya unyayo wa nzi na kuituma kabla nzi hajaruka. Nina miaka mingi ya kutazama, na nina kosa moja ambalo nimeliungama mara mbili, mara ya kwanza kwa padre na mara ya pili mbele ya ng'ombe. Mungu amenijalia uzee wenye macho mazima bado. Naona shukrani inayofaa ni kuwaeleza yale macho haya yaliyoyaona, na lile yaliloshindwa kuliona.

Nilisomeshwa na masista. Walinifundisha kushona, kunyamaza, na kuimba Kilatini ambacho nilikijua kwa sauti kabla sijakijua kwa maana. Siku nilipofungua kitabu cha idara cha nzi wa mifugo nilijiona kama nimerudi kwenye benchi la kwaya. Maneno yalikuwa yale yale, marefu na mapole. Kulikuwa na mbung'o mmoja aliyeitwa pallidipes, yaani mwenye miguu iliyopauka. Nilimwambia Mzee Gamaya maana yake. Akaniangalia muda mrefu, kisha akasema yeye alikuwa amemtambua nzi huyo kwa miguu hiyo tangu mimi sijazaliwa, na hakuna sista aliyemwambia.

Wakati ule Simiyu lilikuwa bado jina la mto tu, nasi tulikuwa wilaya moja kubwa, Bariadi, kuanzia mashamba ya pamba ya Sapiwi hadi karibu na Lamadi ya ziwani, na Migato ikiwa yetu pia. Upande wa mashariki kulikuwa na pori, na porini kulikuwa na mbung'o, ambaye wengi wetu tulimwita ndorobo. Mwenye ng'ombe hakuhitaji kuelezwa ndorobo ni nini. Akimuuma ng'ombe humpa nagana. Manyoya husimama, macho hutoa machozi, mimba hutoka, na mnyama hukonda akiwa kwenye majani mazuri, kama mtu mwenye huzuni aliyeandaliwa chakula. Ndiyo maana swali lililotufikia kila wiki lilikuwa moja: ni yeye, au si yeye?

Maana wapo nzi wengi wanaouma. Yupo pange, yule mkubwa wa macho ya kijani, ambaye hata mtoto humjua. Na yupo nzi wa zizini, mdogo, wa kijivu, mwenye mdomo wa kuchoma uliochomoza mbele, na huyu ndiye anayedanganya watu. Mzee Gamaya alinifundisha kuanzia mdomo. Mdomo wa mbung'o ni mnene, una uvimbe kama kitunguu kwenye shina lake. Kutoka hapo unakwenda kwenye mabawa. Mbung'o akitua huyalaza moja juu ya jingine, kama mkasi uliofungwa, na nzi wa zizini huyaacha wazi pande mbili. Lakini ndani ya bawa la mbung'o, katikati kabisa, mishipa imechora umbo la shoka. Ukiliona shoka, mambo yamekwisha. Hakuna nzi mwingine mwenye shoka.

Kifaa chetu kilikuwa lenzi ya mkono ya Mzee Gamaya, aliyoifunga kwa utepe wa kitenge shingoni, na sahani nyeupe ya bati. Tuliiegemeza sahani dirishani ili irudishe mwanga juu ya nzi, maana jua lenyewe likimpiga nzi moja kwa moja humng'arisha na kumficha. Hilo lishikeni hata leo, simu zenu nazo hazilijui.

Tulikuwa na mitego pia, ya vitambaa vya bluu na vyeusi, kwa sababu mbung'o hupenda bluu. Tatizo ni kwamba hata watu hupenda bluu. Jumapili moja nilihesabu kwenye safu ya kwaya mikanda mipya ya bluu iliyofanana sana, nikaimba zaburi nzima nikijua tumepoteza mitego mingapi.

Zamani nzi waliokusanywa walipanda Land Rover ya idara kwenda maabara Mwanza. Halafu ikaja miaka ya ruksa. Sabuni ilirudi madukani, khanga zikajaa, wenye maduka mjini wakapaka kuta rangi, na sisi tukakosa petroli. Josho la Sapiwi lilikauka, mijusi wakahamia. Dawa ambazo serikali ilikuwa ikizitoa sasa ziliuzwa minadani na vijana wenye maneno matamu na chupa zisizo na karatasi. Sisemi mambo yote yalikuwa mabaya. Nasema tu kwamba Land Rover ilisimama nyuma ya ofisi, kuku wakataga ndani yake, na nzi tuliowatuma kwa basi walifika Mwanza wakiwa unga. Maabara wakatuandikia: msitume nzi tena, tumeni picha.

Mradi mmoja ulikuwa umetuachia kamera, na hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi iliyonipa jina la Mama Nzi mjini, ingawa vijijini nilibaki Mama Mifugo. Tulimweka nzi juu ya karatasi ya kijivu, rula pembeni, lenzi ya mkono mbele ya kamera, pumzi imezuiwa. Filamu ilipanda basi. Baada ya majuma mawili au matatu picha zilirudi zikinukia dawa, na maabara wakaweka alama upande wa nyuma. Baadaye hata alama zikakoma. Yule aliyekuwa akiziweka alipunguzwa kazi. Tukabaki tukitazama wenyewe.

Siwezi kuwaeleza vizuri saa zile za mchana. Mji ulilala. Kutoka barabarani ilisikika baiskeli moja, halafu hakuna. Nilipanga picha juu ya meza, nikainamia mojawapo na lenzi, na taratibu bawa lilianza kukua mpaka likawa dirisha, lile dirisha refu la kanisani lenye vioo vilivyogawanywa kwa fito za madini ya risasi, na mwanga ukipita ndani yake bila rangi. Nilitembea humo. Nilifuata mshipa mmoja kama mtu anayefuata njia ya ng'ombe, nikakunja panapokunja, nikafika pale penye shoka nikapumzika. Mara nyingine kengele ya Malaika wa Bwana iligongwa misheni nami nikasali bila kuinua kichwa. Nilikuwa nashangaa jinsi Muumba alivyojishughulisha hivyo na bawa la kiumbe kinachoua ndama. Sijapata jibu. Lakini mshangao huo ulinilea.

Kisha Mzee Gamaya naye alipunguzwa kazi. Alinivulia lenzi shingoni, akanivika, akasema, "Usiitumie kuwashia moto." Akarudi kwao kulima. Mwaka ule ule kamera ya mradi ikagoma. Hapo ndipo nilipokwenda kwa Bwana Salum.

Bwana Salum alikuwa na duka la vitambaa karibu na stendi, na nyuma ya duka alikuwa na studio yenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Mji mzima ulipita mbele ya maporomoko yale: maharusi, watoto wa komunyo, wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Alikuwa Mwislamu mwenye swala zake tano na fundi wa kweli. Hakumwacha mtu akae vibaya. Alinyoosha kola, aliinua kidevu, aligeuza goti. Nilipompelekea kiberiti mara ya kwanza alikipokea kwa mikono miwili.

"Mteja wako ni mmoja au familia?"

"Mmoja."

"Pasipoti au mwili mzima?"

Tukaelewana. Alipiga picha nyeusi na nyeupe na kuzisafisha mwenyewe katika chumba chake cha giza, kwa hiyo niliacha kungoja basi. Kwenye mlango wa ofisi nikabandika karatasi: Mwenye nzi, nisipokuwepo, amwone Bwana Salum wa studio. Niliona ni mpango mzuri. Ulikuwa mzuri, isipokuwa jambo moja ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria.

Wiki moja nilikuwa njia ya Lamadi kwa chanjo ya mbwa. Niliporudi nilimkuta mwanamke amekaa kwenye ngazi ya ofisi, amejifunga khanga kifuani, miguu yake ina vumbi mpaka magotini. Aliitwa Holo, mjane wa Migato.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Habari za Migato?"

"Za Migato nimeziacha kwa Bwana Salum, kwenye kiberiti. Amenipa hii." Alitoa picha ndani ya bahasha. "Nzi mwenyewe sisimizi wamemmaliza. Kwa hiyo utazame hii, uniambie. Ni yeye, au si yeye?"

Akanieleza. Mume wake alipofariki alimwachia ng'ombe kumi na mmoja. Shemeji yake, Masanja, alikaa Sapiwi, ambako pori lilikuwa limekwishageuzwa mashamba ya pamba. Masanja alisema kichaka cha Migato kimeingia ndorobo, ng'ombe wahamie kwake.

"Huenda anasema kweli," Holo akasema. "Lakini ng'ombe wa mjane wakihama hawarudi. Wanaondoka wakiwa na majina, wanafika wanachanganyika, wanakuwa ng'ombe wa ukoo. Alama ya sikio ni moja, ya marehemu na ya ndugu yake. Nani atawatofautisha? Kama si ndorobo, hawaendi. Nimesema hivyo mbele ya wazee. Nimesema, nangoja neno la Mama Mifugo."

Niliichukua picha nikasogea dirishani. Ilikuwa picha safi kuliko zote alizopata kunipigia Bwana Salum. Mdomo ulichomoza mbele. Mabawa yalikuwa wazi, moja kulia, moja kushoto, yamenyooka kama ya ndege inayotua. Moyo wangu ukafurahi. Nataka mlielewe neno hilo, moyo wangu ulifurahi kabla jicho halijamaliza. Nilikuwa nimekaa muda mrefu nikiwapa watu habari mbaya, na hapa palikuwa na mwanamke mwenye vumbi miguuni na mimi ninayo habari njema mkononi.

"Si yeye," nikasema. "Huyu ni nzi wa zizini. Anauma, ananyonya, lakini nagana hana."

Holo alipiga makofi mara moja, akacheka, akaziba mdomo kwa khanga. "Wabeja, mayu. Wabeja." Alikuwa amekuja na boga kubwa, akaliacha mezani. Nilikataa kama ilivyo adabu, halafu nikalipokea. Nililila siku tatu.

Baada ya hapo kikaja kiangazi. Mtu wa Migato aliyepita ofisini akasema ng'ombe wa Holo wamesimama manyoya. Nikasema ni njaa, majani yamekwisha. Mwingine akasema mmoja ametoa mimba. Nikasema ni kupe, majosho yamekauka, nchi nzima ina kupe. Wakafa wawili. Nikasema minyoo. Kila neno lililonifikia nililitafutia mlango wa kutokea. Juma moja nikasikia amekufa wa tatu, na kwamba Masanja amekwenda Migato kumsihi shemeji yake kwa mara nyingine, naye Holo amemjibu, "Mama Mifugo ametazama kwa lenzi. Wewe umetazama kwa nini?"

Juma hilo hilo idara ilitaka picha mpya za vitambulisho. Nikaenda studio, nikakaa kwenye kiti mbele ya maporomoko. Bwana Salum aliinamia kamera, akainuka, akanijia.

"Kidevu juu kidogo. Bega hili lishuke. Usijikunje, Mama Nzi, ama nitakunyoosha kama nilivyomnyoosha yule mwenzako wa Migato."

"Mwenzangu gani?"

"Yule nzi wa mjane. Si aliletwa amejifunga mabawa mgongoni, moja juu ya jingine, kama mtu aliyesusa? Nikasema, hata, picha gani hii! Nikachukua kijiti cha meno, nikamfungua pole pole, hili huku, hili huku. Akapendeza. Tabasamu tu ndilo lililonishinda."

Taa ikawaka wakati huo huo. Kitambulisho kile nilikaa nacho miaka mingi, na kila mlinzi aliyekishika aliniuliza kama nilikuwa naumwa.

Nilirudi ofisini kwa miguu, ingawa baiskeli yangu ilikuwa mlangoni pake. Niliikumbuka kesho yake. Nikaitoa picha kwenye jalada. Nikaweka sahani ya bati dirishani, nikainama na lenzi. Bawa likaanza kukua kama kawaida, nikaingia, nikafuata mshipa, nikakunja panapokunja. Shoka lilikuwepo. Lilikuwa wazi hata mtoto angeliona, tena kwa sababu bawa lilikuwa limefunguliwa lilionekana vizuri kuliko katika picha yoyote niliyopata kuishika. Bwana Salum hakunificha kitu. Alinifungulia dirisha, nami sikuchungulia. Nilikuwa nimeridhika mlangoni.

Jumamosi nilikwenda kuungama. Padre alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Umeanza mahali pa pili. Pa kwanza ni Migato. Nenda, halafu urudi." Alikuwa padre wa maneno machache, Mungu ampumzishe.

Nilipata dawa ya sindano kwa mwenye duka mmoja ninayemwamini, kwenye chupa yenye karatasi yake. Jumatatu asubuhi nilipotoa baiskeli nje nilimkuta Bwana Salum na baiskeli yake, kamera imefungwa kwenye kifua kwa kitambaa, kama mtoto.

"Unakwenda wapi?"

"Unakokwenda. Wewe ulitazama vibaya, lakini aliyemfungua ni mimi."

Tuliendesha kutwa nzima bila mazungumzo mengi. Pamba ilikuwa imekwisha kung'olewa, ardhi ilikuwa wazi na nyeupe, na mbele yetu njia ilitetemeka kwa joto hata miti ya mbali ikaonekana imesimama juu ya maji. Nilikuwa naomba tusifike. Kisha nikaomba tufike. Sala zote mbili nilizisali kwa moyo mmoja, na nadhani Mungu amezoea.

Holo alikuwa nje ya zizi, na Masanja alikuwa amekaa kwenye kigoda kivulini, mtu mrefu, mwenye fimbo ya mpingo. Ng'ombe wanane walikuwa wamesimama vichwa chini. Nilianza kuzungumza kwa Kiswahili cha ofisi, nikajisikia najificha ndani yake. Nikahamia Kisukuma. Nikasema nzi yule alikuwa mbung'o. Nikasema niliambiwa kweli na picha, nikasikia nilichopenda kusikia.

Masanja akaweka fimbo magotini. "Kwa hiyo serikali imekosea."

"Serikali haikuitazama picha. Niliitazama mimi."

"Na huyu aliyejifunga mtoto kifuani?"

"Mimi ndiye mpiga picha," Bwana Salum akasema. "Nilimnyoosha nzi mabawa. Nilitaka apendeze."

Masanja alimtazama kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia hasira yake asipaone. "Apendeze," akarudia. "Nzi."

Holo alitugeuzia mgongo. Alikwenda kwa ng'ombe mmoja, akamfuta machozi kwa kiganja, akarudi. Ndipo akaniuliza, "Lile boga, ulilila?"

"Nililila, mayu."

"Lote?"

"Lote."

"Basi una nguvu. Inuka unifanyie kazi."

Alikuwa amekwisha kufikiri wakati sisi tukijieleza. Ng'ombe wataondoka, akasema, hilo analiona kwa macho yake sasa. Lakini hofu yake ya mwanzo ilikuwa bado pale pale: siku ya kurudi, nani atasema hawa ndio? "Wewe ulisema si yeye," akaniambia. "Sasa utakuja kusema ndio wao. Na mara hii utatazama mpaka mwisho."

Nikamgeukia Bwana Salum. "Una filamu?"

"Ninayo."

Tukaanza kuwachoma sindano, kisha tukawapiga picha mmoja mmoja. Holo alisimama kando ya kila ng'ombe, mkono juu ya nundu yake. Upande wa kushoto, upande wa kulia, uso. Kwa kuwa picha ni nyeusi na nyeupe, mwekundu na wa kahawia wangetoka sawa, kwa hiyo sikuandika rangi. Niliandika baka lenye umbo la jani nyuma ya bega, pembe iliyopinda kuelekea jicho, kovu la fisi pajani, mkia uliokatika ncha. Bwana Salum alipata taabu sana. Mara mbili nilimkuta anasogea kumnyoosha ng'ombe shingo.

"Salum! Asimame alivyo."

"Amejikunja, Mama Nzi."

"Mwache ajikunje."

Masanja alikuwa ameinuka kwenye kigoda. "Mnanipiga picha kama mwizi," akasema.

"Wewe hatujakupiga, shemeji," Holo akamjibu. "Tumepiga ng'ombe."

"Ila ukitaka nakupiga," Bwana Salum akasema upesi. "Bure kabisa."

Masanja akasita. Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa koti la marehemu kaka yake, akasimama katikati ya ng'ombe, fimbo mkononi. Bwana Salum alimnyoosha kola mpaka akaridhika. Picha ile niliiona baadaye. Ilikuwa nzuri kweli. Seti moja ya picha za ng'ombe alibaki nayo Holo, moja mwenyekiti wa kijiji, moja mimi.

Ng'ombe walikwenda Sapiwi. Nami kila juma nilikwenda Migato, nikaweka mitego ukingoni mwa kichaka, na watu wa kijiji wakakata vichaka vya karibu na malisho. Vitambaa vya bluu Holo alivilinda mwenyewe; hakuna mwanakwaya aliyethubutu. Nilihesabu nzi wenyewe, si picha zao, mkononi mwangu, kwa mdomo na kwa shoka. Wakapungua. Mvua ikanyesha, ikakatika. Likapita juma bila mbung'o, likapita jingine, yakapita mengi. Nikamwambia Holo wanaweza kurudi. Akaniuliza nimetazama mpaka mwisho? Nikasema nimetazama. Akatuma habari.

Siku waliporudi nilitandika gunia mbele ya zizi nikapanga picha juu yake kwa mistari. Bwana Salum alikuja tena. Alisema anataka kuona kazi yake ikisomwa. Masanja alileta ng'ombe wakiwa wamenenepa, na haki lazima isemwe, aliwatunza. Wakapita mmoja mmoja. Holo aliita jina, mimi nikainama na lenzi, nikatazama baka, pembe, kovu, nikasema, "Ndiye." Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Wanane walipita, wanane walikuwa wao.

Nyuma ya wa mwisho alitokea ndama. Alikuwa jike, wa miezi michache, masikio makubwa kuliko uso. Masanja alimshika sikio.

"Huyu hana picha," akasema. "Amezaliwa kwangu. Amekula majani ya Sapiwi. Mama Mifugo, tazama hapo kwenye gunia lako. Yupo?"

Nikatazama, maana nilikuwa nimeahidi kutazama. "Hayupo," nikasema.

Mwenyekiti akajikuna shingo. Niliinua macho nikamwona Holo akikusanya picha zake pole pole kutoka kwenye gunia, anazipanga kiganjani, hana haraka.

"Shemeji," akasema, "wewe nawe siku uliyozaliwa hukupigwa picha. Lakini tangu nimeolewa kwenu sijamsikia mtu hata mmoja akiuliza mama yako ni nani."

Aliyeanza kucheka ni mwenyekiti. Kisha Bwana Salum, mpaka akalazimika kukaa. Masanja alijizuia kadiri alivyoweza, ukuta ukabomoka, akacheka kwa sauti kubwa iliyowashtua kuku, na katika kucheka mkono wake uliachia sikio. Ndama alipita katikati yetu sote akaenda chini ya mama yake.

Bwana Salum akasema ndama lazima apigwe picha papo hapo, kwenye filamu imebaki moja. Holo alipiga magoti kando yake, akamzungushia mkono shingoni. Lakini ndama yule hakuwa mtu wa studio. Alipiga mateke, akageuza kichwa, akaruka, na fundi aliyewatuliza maharusi wa mji mzima alizunguka naye zizi lote, kanzu imeshikwa mkononi, akimbembeleza kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, mpaka kidole kikabonyeza chenyewe.

Picha ilitoka mbaya. Kuna vumbi, kuna khanga nusu, na kuna ukungu mrefu wa kijivu unaopita kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Nimeitazama kwa lenzi, mwanga ukitoka kwenye sahani, kwa subira yote niliyofundishwa, na naweza kuwaambia kwa uaminifu kwamba kutokana na picha ile siwezi kuapa kama kile ni ndama, au mbuzi, au upepo. Holo aliitundika ukutani, juu ya kitanda. Kila mgeni alipouliza, aliinyooshea kidole na kumwambia jina la ndama yule.